Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuhifadhi templeti za treki kwenye REAPER kwa kitufe kimoja

Ukurasa huu ni wa wale wanaorekodi kwenye REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, na wamechoka kujenga treki ile ile kila wakifungua projekti mpya, yaani ikyu ile ile, kompresa ile ile, riveba ile ile (plagini za kurekebisha sauti), kila siku. Nimekusanya maswali ambayo watu huwa wanauliza na kuyajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu. Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye programu yenyewe ili usipotee ukiyatafuta.

Templeti ya treki ni kitu gani hasa?

Ni treki moja, au kundi la treki, iliyohifadhiwa na kila kilichomo: jina, rangi, plagini zote na seti zake, voliumu, pani, ingizo la maiki, mpaka inakopeleka sauti. Inakaa kwenye faili moja inayoishia na .RTrackTemplate. Ukiiita kwenye projekti yoyote inatokea vile vile ulivyoiacha.

Usiichanganye na templeti ya projekti, ambayo ni projekti nzima ya .RPP inayofunguka kama mwanzo wa kazi mpya, wala usiichanganye na FX chain, ile ya .RfxChain, ambayo inabeba plagini tu bila treki. Mimi msimamo wangu ni kwamba templeti ya projekti iwe nyepesi kabisa, tempo na bas ya masta (njia ambako sauti zote zinaishia) tu, halafu templeti za treki ndo ziwe nyingi, kwa sababu leo anakuja mtu wa kurap peke yake, kesho kwaya ya watu thelathini, keshokutwa tangazo la redio, na hamna projekti moja itakayowafaa wote hao. Treki unaziita kadiri kazi inavyodai.

Kwa mkono tu, bila otomesheni, nahifadhije?

Chagua treki, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, tafuta "Save tracks as track template", ipe jina, maliza. Kwenye hilo dirisha kuna vitiki vya kuamua kama vipande vya sauti vilivyorekodiwa viingie au visiingie. Mara nyingi usitie tiki hapo, unataka treki tupu.

Kuiita: bonyeza kulia sehemu tupu ya upande wa treki, nenda "Insert track from template". Au buruta faili yenyewe kutoka kwenye folda uidondoshe ndani ya REAPER, nayo inakubali.

Zinakaa wapi hizo faili?

Nenda menyu ya Options, chagua ile ya "Show REAPER resource path", itakufungulia folda, ndani yake kuna TrackTemplates. Kwenye Windows kwa kawaida ni AppData\Roaming\REAPER, kwenye Mac ni Library/Application Support/REAPER. Ukitengeneza folda ndogo humo ndani, mfano Sauti, Kwaya, Ngoma, Podikasti, zinatokea kwenye menyu kama makundi, na hii inasaidia sana zikishafika nyingi.

Sasa kama kwa mkono inawezekana, otomesheni ya nini?

Hili ndo swali lenyewe. Jibu ni kwamba treki nzuri haizaliwi siku umekaa peke yako unapanga studio, inazaliwa katikati ya kazi, msanii yuko ndani anaimba, umegusa kompresa kidogo, umepunguza kidogo pale kwenye mia tatu hezi, na ghafla sauti imekaa. Wakati huo huwezi kuanza kufungua menyu, kutafuta folda, kufikiria jina, kuweka tiki, na msanii anasubiri na moto wake unapoa, kwahiyo unasema nitahifadhi baadae. Baadae umeshaendelea kubadilisha, umeongeza automesheni ya voliumu (mabadiliko yanayojiendesha wimbo ukienda), umeweka ikyu ya kurekebisha verse ya pili tu, na ile treki safi ya mwanzo haipo tena. Au umeme umekatika.

Kitufe kimoja kinaondoa hilo. Unabonyeza, inahifadhiwa, unaendelea kurekodi, jina zuri utaipa jioni. Kasi ya kuiita tena nayo ni faida, ila kwangu faida kubwa iko kwenye kuhifadhi papo hapo.

Sijui kuandika kodi za programu hata kidogo. Naweza?

Unaweza kabisa. Weka SWS, ni nyongeza ya bure ya REAPER ambayo watu wengi tu wanayo tayari. Ukishaiweka, kuna dirisha linaitwa Resources, utalipata kwenye menyu ya Extensions. Pale juu badilisha aina iwe Track templates, halafu utaona kitufe cha AutoSave. Unachagua treki, unabonyeza AutoSave, faili imeshaandikwa kwenye folda uliyoipanga, na unaweza kuseti kama ibebe vipande na envelopu (mistari ya automesheni) au hapana. Kila faili inakuwa na namba yake kwenye orodha, wanaita slot.

Hizo namba ndo utamu wenyewe, sababu kwenye orodha ya Actions, ile inayofunguka ukibonyeza alama ya kuuliza kwenye kibodi, kuna ekshoni (amri) za kuita slot ya kwanza, ya pili na kuendelea. Andika "track template" kwenye sehemu ya kutafuta utaziona. Ichague, bonyeza Add pale chini kwenye shortcuts, gusa kitufe unachotaka. Tayari.

Na sio lazima kiwe kitufe cha kibodi ya kompyuta. REAPER inakubali noti ya MIDI (ujumbe unaotumwa na kibodi za muziki) pia, kwahiyo zile pedi za kwenye kibodi yako ya MIDI zinaweza kufanya kazi hii, ila lazima kwenye Preferences, upande wa MIDI, hiyo kibodi iruhusiwe kutuma ujumbe wa kontroli, la sivyo utagonga pedi mpaka kesho. Wenye Stream Deck, kile kifaa cha vitufe vyenye skrini ndogo, nao wanaifanya itume shortcut ile ile, na inapendeza sababu unaweka picha na jina la templeti juu ya kitufe.

Nataka skripti yangu mwenyewe. Inaonekanaje?

REAPER inakuja na Lua, lugha ya kuandikia skripti, ndani yake, huhitaji kuinstolu chochote. Ipo EEL2 pia, na Python kama umeiweka mwenyewe kwenye kompyuta, ila anza na Lua. Fungua Actions, chagua New action, kisha New ReaScript, ipe jina linaloishia na .lua, bandika hii:

```
local idadi = reaper.CountSelectedTracks(0)
if idadi == 0 then return end

local sawa, jina = reaper.GetUserInputs("Hifadhi templeti", 1, "Jina:", "")
if not sawa or jina == "" then return end

local njia = reaper.GetResourcePath() .. "/TrackTemplates/" .. jina .. ".RTrackTemplate"
if reaper.file_exists(njia) then
  reaper.ShowMessageBox("Jina hilo lipo tayari.", "Simama", 0)
  return
end

local faili = io.open(njia, "w")
if not faili then return end
for i = 0, idadi - 1 do
  local treki = reaper.GetSelectedTrack(0, i)
  local _, maandishi = reaper.GetTrackStateChunk(treki, "", false)
  faili:write(maandishi, "\n")
end
faili:close()
```

Inachofanya ni rahisi: inahesabu treki ulizochagua, inakuuliza jina, inaangalia kama jina halijatumika ili isije ikafuta templeti ya zamani kimya kimya, halafu inachukua maandishi ya kila treki na kuyaandika kwenye faili. GetTrackStateChunk ndo moyo wa skripti hii, inakupa treki nzima ikiwa katika maandishi, na faili ya RTrackTemplate sio kitu kingine zaidi ya maandishi hayo.

Kama hutaki hata kuulizwa jina, ondoa ile sehemu ya GetUserInputs na jina lichukuliwe kutoka kwenye saa, os.date("%Y%m%d_%H%M%S") inatosha. Hivyo ndivyo ningekushauri kwa kitufe cha katikati ya kazi: bila swali lolote, bila dirisha kufunguka mbele ya mteja.

Nimehifadhi kwa skripti, kuiita tena inakuja na sauti za msanii wa jana. Kwanini?

Kwa sababu yale maandishi ya treki yanabeba na vipande vilivyorekodiwa. Templeti ya menyu na ya SWS zinajua kuviacha, skripti fupi kama hii haijui. Njia ya uhakika ni kudupliketi treki, ufute vipande kwenye kopi, uhifadhi kopi, uifute. Yote hayo yanaweza kuwa ndani ya Custom action moja, unazipanga ekshoni kwa mfuatano na skripti yako ikiwa mmojawapo. Au hifadhi kabla hujaanza kurekodi, ikiwa unajua treki iko sawa.

Na riveba yangu haipokei tena sauti?

Hapa pana mtego na ueleweke vizuri. Treki inayopokea, mfano treki ya riveba, ndo inayobeba mstari wa kupokea, unaitwa AUXRECV, na mstari huo unataja treki inayotuma kwa namba yake kwenye projekti, kuhesabu kunaanzia sifuri. Sasa kama sauti yako ilikuwa treki ya tisa kwenye projekti, mstari unasema nane. Ukiandika hivyo hivyo kwenye templeti yenye treki mbili tu, hiyo nane haina maana tena.

Suluhisho ziko tatu. Ya kwanza, kwa treki zinazotumiana sauti hifadhi kwa menyu au SWS tu, mambo yamekwisha. Ya pili, kama unapenda skripti yako, zijenge treki hizo zikiwa juu kabisa ya projekti na zikifuatana, namba zitakuwa zinalingana. Ya tatu ni kuongeza kwenye skripti sehemu ya kubadilisha namba, unaipata namba ya kila treki kwa IP_TRACKNUMBER ukitoa moja, unaibadilisha iwe nafasi yake ndani ya templeti. Hiyo ya tatu ifanye ukishazoea Lua.

Na kumbuka, kwa njia yoyote ile, kama hujaichagua treki ya riveba wakati wa kuhifadhi, haitakuja. Chagua zote zinazohusiana.

Kuiita templeti kwa skripti je?

Mstari mmoja:

```
reaper.Main_openProject(reaper.GetResourcePath() .. "/TrackTemplates/sauti_kuu.RTrackTemplate")
```

Jina la fanksheni linatisha kidogo, linaonekana kama litafungua projekti nyingine na kufunga hii ya kwako, ila ukiipa faili ya RTrackTemplate inaongeza treki kwenye projekti iliyo wazi. Tengeneza skripti moja kwa kila templeti unayoitumia sana, zipe shortcut, au ziweke kwenye tulubaa.

Treki ninayo tayari na imesharekodiwa. Naweza kuipachika templeti juu yake?

Hiyo ni kazi tofauti na kuingiza treki mpya, na SWS inaifanya, tafuta zile ekshoni za Resources zinazoanza na "Apply track template to selected tracks". Inafaa pale mtu amekuletea stem (faili ya sauti ya sehemu moja ya wimbo) kutoka studio nyingine. Ila kama unachotaka ni plagini tu, tumia FX chain, ni salama zaidi na haigusi voliumu wala jina.

Nipe mfano wa templeti ambayo inafaa kweli

Kwaya. Kuna prodyuza Tanzania na Kenya wanaoishi kwa kwaya zaidi kuliko wasanii wenye majina, na kwaya ndo kazi inayokula muda kuiseti. Mimi ningeijenga hivi: treki ya folda inaitwa KWAYA, chini yake soprano, alto, tena, besi, kila moja na rangi yake. Kila treki ina ikyu inayokata chini, soprano inakatwa juu zaidi kuliko besi, besi unaiachia kifua chake. Kompresa kwa kila mmoja iwe ya kugusa tu, ile nzito ikae kwenye folda ili sauti zote nne zibanwe pamoja na zisikike kama watu waliosimama sehemu moja. Halafu treki moja ya riveba pembeni, zote nne zinatuma kwayo, pani umeshaigawa kushoto na kulia kufuata walivyopangwa kanisani.

Treki ya mwimbishaji iwe templeti yake peke yake, usiifungie humo ndani, maana kuna kwaya zina mwimbishaji mmoja, zingine watatu kwenye wimbo mmoja, na utaiita mara kadiri wanavyokuja.

Ukichagua folda na watoto wake wote pamoja na riveba, ukahifadhi kwa menyu, wiki ijayo kwaya nyingine ikija mnaanza kurekodi wakati bado wanapasha sauti. Watu waliokodi Hiace kutoka mbali na wanalipia saa wanaiona tofauti hiyo.

Nini kisiwekwe ndani ya templeti?

Chochote ambacho ni cha mtu mmoja. Kii (ufunguo wa wimbo) ya plagini ya kutyuni sauti, kwa mfano, iache kwenye kromatiki (noti zote) au izimwe, kwa sababu ukiisahau kwenye kii ya wimbo wa jana itavuta noti za wimbo wa leo mahali pasipo pake na unaweza ukamlaumu mwimbaji. Threshold ya kompresa, yaani kiwango inachoanza kubana, nayo inategemea mtu anaimba kwa nguvu kiasi gani, ibaki ila ujue utaigusa. Ikyu ya kuondoa mlio wa chumba fulani isiingie kabisa. Automesheni isiingie.

Vya kubaki: mpangilio wa plagini, kukata chini, routing (sauti inakokwenda), rangi, majina, ingizo la maiki.

Naweza kuihariri faili kwa Notepad?

Ndio, na hii ndo sababu moja kubwa ya mimi kuipenda REAPER kwa kazi hii. Ifungue uone, utakuta mstari wa NAME, wa PEAKCOL ambao ni rangi, wa VOLPAN, wa REC ambako namba ya pili ni ingizo la maiki. Umenunua kadi mpya ya sauti na maiki imehama kutoka tundu la kwanza kwenda la tatu? Unaweza kubadilisha kwenye templeti zote kwa kutafuta na kubadilisha, bila kufungua moja moja. Yale maandishi marefu ya herufi zisizosomeka ndani ya sehemu ya VST ni seti za plagini, usiyaguse hata herufi moja. Na kopi faili kwanza.

Nikibadilisha templeti, projekti za zamani zitabadilika?

Hapana. Ikishaingia kwenye projekti ni kopi inayojitegemea.

Nikiipeleka kwa rafiki yangu itafanya kazi?

Treki itafunguka, plagini ambazo hana zitaonekana hazipo. Templeti inabeba seti za plagini, haibebi plagini zenyewe, na sampuli pia haibebi, inabeba njia ya kuelekea zilipo. Ndo maana templeti za kugawana zijenge na plagini zinazokuja na REAPER, ReaEQ, ReaComp, ReaDelay, ReaVerbate, kila mwenye REAPER anazo. Kwa kazi ya kila siku hazina aibu hata kidogo.

Natumia programu nyingine, mambo ni hayo hayo?

Wazo ni moja, milango ni tofauti. FL Studio ina mixer track state, unaihifadhi kama faili ya .fst na kuiburuta kwenye mixer. Cubase ina track presets, na unaweza kuekspoti treki ulizochagua kama track archive. Pro Tools ilipata track presets kuanzia toleo la 2018, na wenye Mac wanaiendesha kwa SoundFlow, ambayo ni programu nzuri sana kwa hilo. Ableton unaburuta treki kwenye brauza yake tu.

Pale ambapo programu haina mlango wa skripti watu wanatumia AutoHotkey kwenye Windows au Keyboard Maestro kwenye Mac, yaani roboti ya kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Inafanya kazi, ila epuka ile ya kubofya sehemu fulani ya skrini kwa vipimo, dirisha likisogea kidogo au ukibadili skrini inabofya kitu kingine kabisa. Tumia shortcut za kibodi na majina ya menyu kila inapowezekana, na weka kasubira kadogo kati ya hatua maana dirisha la kuhifadhi huwa linachelewa kufunguka kwenye kompyuta nzito.

REAPER lazima ninunue ndo nipate haya?

Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, hamna kilichofungwa. Baada ya hapo leseni ya bei ya punguzo ni dola 60 kwa matumizi binafsi au biashara ndogo. Inunue, hela hiyo ni halali yao.

Nizipe majina gani?

Anza na kazi, halafu maiki, halafu maelezo: sauti_kuu_kondensa_kavu, sauti_kuu_dainamiki_live, kuitikia_nne_pana. Usiandike "vocal mpya", "vocal mpya 2", "vocal final", baada ya miezi miwili hutakumbuka chochote. Zile zilizohifadhiwa kwa saa wakati wa kazi zikae kwenye folda yake, iite za_kupanga, na mwisho wa wiki uzipitie: nzuri zipe jina uzihamishe, zingine futa bila huruma. Orodha ya templeti kumi unazozijua ni bora kuliko mia unazozitafuta.

Kompyuta ikifa nimepoteza zote?

Kama hukuzikopi, ndio. Faili zenyewe ni ndogo, kwahiyo flashi yoyote inatosha. Njia mbili: ukikopi folda ya TrackTemplates pamoja na Scripts umemaliza, au ndani ya Preferences, pale General, kuna kuekspoti konfigureshoni, inakutengenezea faili moja ambayo ukiidondosha kwenye REAPER ya kompyuta mpya inarudisha na shortcut zako. Anayefanya kazi kwenye studio za watu aweke REAPER ya portable kwenye diski yake ya nje, kila kitu kinakaa folda moja na programu, anaichomeka popote na pedi zake zinaita treki zile zile. Akifika tu akague ingizo la maiki, sababu kadi ya sauti ya pale sio ya kwake.